Safu ya Mukau ya Syombua

Asubuhi za kiangazi zizi la mbuzi wa kwetu lilikuwa na harufu ambayo sijaikuta mahali pengine: samadi kavu, jasho la wanyama, na juu yake uchachu wa matunda ya mukau ambayo mbuzi walikuwa wameyacheua usiku kucha na kuyatema makokwa yake chini. Hata leo nikipita karibu na boma la mtu nikaipata harufu hiyo, nasimama kidogo. Inanirudisha kwenye mwaka mmoja wa ukame, kwenye vidole vya dada yangu Syombua vikiokota makokwa hayo kati ya samadi, na kwenye neno moja nililolitamka mwisho wa mwaka huo. Baba alinishika bega mbele ya safu ya miche ya mukau iliyopandwa na Syombua, akaniuliza kama ninaipokea iwe yangu. Nilijibu ndiyo. Nimekosea mengi katika maisha yangu, na mengine nimesamehewa, lakini kama ningepewa jibu moja tu la kurudisha kinywani, ningerudisha hilo. Nilipaswa kukataa.

Kwetu ni upande wa Kathonzweni, mahali ambapo ardhi inateremka polepole kuelekea mto Athi, na ukisimama juu ya tuta wakati hewa ni safi unaona vilima vya Kitui vikiwa vya buluu ng'ambo. Ni nchi ya udongo mwekundu, mbaazi, ndengu na mbuzi. Mti wetu wa heshima ni mukau. Mtu asiyeujua apate picha ya mti mrefu wenye gome la kijivu, majani mepesi ya kijani kibichi, na tabia moja ya ajabu: unachipua kabla ya mvua, wakati kila kitu kingine kimekauka na mbuzi wanatafuna karatasi. Maua yake meupe hunukia hata nyuki wakalewa. Mbao zake ni nyekundu na mchwa huzikwepa, ndiyo maana mtu wa kwetu akitaka mlango utakaozeeka pamoja naye, au mzinga wa nyuki utakaorithiwa na mwanawe, atatafuta mukau. Lakini kuutafuta ndiko kulikokuwa kazi. Watu walikuwa wameikata miti mingi, na hakuna aliyepanda mingine, kwa sababu ilijulikana toka enzi za mababu kwamba mukau haupandwi na mtu. Kokwa lake ni gumu kama mfupa. Ukilizika ardhini litakaa huko mpaka ulisahau. Wazee walisema mukau hupandwa na Mungu akisaidiwa na mbuzi, na hakuna aliyeona haja ya kuingia kati ya hao wawili.

Syombua aliona haja. Alikuwa amenizidi miaka mitatu, na masomo alikuwa ameyaacha mapema ili amsaidie Mwaitu, kama tulivyomwita mama yetu, kuchota maji na kulisha nyumba. Alikuwa mwembamba, mwenye pengo dogo la meno ya mbele, na kicheko kilichoanza taratibu kama mtu anayepanda kilima kisha kikaporomoka chote kwa pamoja. Mbuzi wetu wote walikuwa na majina aliyowapa yeye. Beberu mmoja mlafi, aliyekuwa akitazama kila kinachopita kana kwamba anadai kodi, aliitwa Karani. Jina Syombua huku kwetu hupewa msichana aliyezaliwa wakati wa mvua, basi mwaka ule watu hawakumwacha. Kila tulipokutana na mtu njiani aliuliza, "Wee Syombua, mvua yako iko wapi?" Naye hakukosa jibu. "Imeenda na Baba barabarani," alisema. "Itarudi Krismasi wakilipwa." Baba alikuwa akifanya kazi na kikosi cha kutengeneza barabara ya Mombasa, na tulimwona mara chache.

Yote yalianza na mlango. Nyumba ya Mwaitu ilikuwa na mlango wa bati lililopigiliwa kwenye fito, na upepo wa kiangazi ulipovuma ulilia kama mtoto mwenye homa. Baba alikuwa ameahidi mlango wa mukau, ila kila aliporudi alisema hajaupata mti. Siku moja tukiwa zizini, Syombua aliokota kokwa, akaligeuzageuza kiganjani, akamwangalia Karani aliyekuwa akicheua macho yamefumba. "Kioko," akaniambia, "huyu hata jina lake hajui kuandika. Kama yeye anaweza kupanda mti, mimi nashindwa na nini?" Nikamwambia kwamba yeye pia hajui kuandika vizuri. Alinirushia kokwa lile likanipata sikioni, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Alijaribu kila njia. Aliyazika makokwa kwenye samadi, akayachemsha ndani ya sufuria ya zamani, akayaloweka, akayakaanga kama mahindi. Mwaitu alipokuta sufuria yake ina mawe badala ya mboga alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Ukiolewa, utampikia mumeo nini? Kokoto?" Majirani nao walipata la kusema, kisimani waliulizana kama binti wa Nzioka, baba yetu, ameivisha chakula chake. Syombua alicheka nao, akatwika mtungi, akarudi kujaribu tena. Tulikuwa watoto wa nyumba iliyokuwa ikila mara moja kwa siku mwaka ule, na nadhani ule mchezo wa makokwa ulitushibisha mahali fulani ambapo uji haukufika. Siku ikiwa na jambo la kungojea, hata njaa inakaa pembeni.

Jibu lilitoka kwenye jalala. Mwaitu alikuwa amechoma takataka na mabua nyuma ya nyumba, na baadaye, baada ya manyunyu ya kudanganya ambayo hayakulowesha hata vumbi vizuri, Syombua alichokoa majivu akakuta kokwa limepasuka na ndani yake ncha nyeupe ikichungulia. Hakupiga kelele. Alinishika mkono akanipeleka pale, tukachuchumaa, vichwa vyetu vikigusana. Alilifungua kwa uangalifu, akaona kwamba moto haukupasua kokwa tu. Ulikuwa umelegeza pia ngozi nyeusi ya mbegu iliyomo ndani, kwenye ncha yake. "Kumbe ina nyumba mbili," alisema kwa sauti ndogo. "Tumekuwa tukibisha mlango wa nje tu." Toka siku hiyo hatukuchoma wala kuchemsha tena. Tuliweka kokwa kwenye kigogo chenye mfuo, tukaweka kisu juu yake kwa urefu, tukagonga kisu kwa rungu dogo mpaka kokwa likagawanyika. Kisha alichukua wembe akachanja ncha ya mbegu, kidogo tu, akailoweka usiku mmoja na kuilaza katika mchanga wa mtoni. Kugonga ilikuwa kazi yangu. Nilijikata kidole gumba mpaka leo kina alama, na Syombua alinifunga kwa kitambaa akisema nisilie, maana damu ni mbolea.

Zilipoota, zile za kwanza, tulikwenda kuziangalia mara nyingi kiasi kwamba tulitengeneza njia ya miguu kati ya jikoni na kitalu. Kilikuwa kitalu cha masikini: makopo ya mafuta ya kupikia yaliyotobolewa chini, vipande vya vibuyu, hata kiatu kimoja cha zamani cha Baba ambacho mche wake ulistawi kuliko yote. Maji yalikuwa ndiyo shida. Mto wetu mdogo ulikuwa umekauka, nasi tulichimba mchanga wake mpaka tukafika kimo cha mtu mzima, tukisubiri maji yachuruzike ndani ya kikombe. Hayo yalikuwa ya kunywa na kupikia. Hakuna aliyethubutu kuyamwagia mti. Kwa hiyo miche ilikunywa tulichobakiza. Maji ya kunawa uso, maji ya kuoshea ndengu, maji aliyoogea Mwaitu, yote Syombua aliyakinga kwenye karai. Nikinawa kwa fujo alinifokea: "Unamwaga mlango wa Mwaitu!" Haba na haba hujaza kibaba, na sisi tuliona kibaba kikijaa kwa maji machafu. Jumapili, kanisani, mhubiri aliposema tuombe mvua, nilifungua jicho moja nikamwona Syombua akiomba kwa midomo yote miwili, na nilijua haombei mahindi.

Mvua ilikuja mwishowe, kwanza kwa harufu, kisha kwa mngurumo upande wa Kitui, kisha yenyewe. Tulipanda miche juu ya tuta refu linalokata shamba letu katikati, safu moja iliyonyooka, kwa sababu Syombua alikuwa amefunga kamba kutoka jiwe hadi jiwe. Alichimba mashimo mwenyewe. Mimi nilibeba makopo. Kila mche aliuambia neno kabla ya kuufukia, ingawa alikataa kunieleza alisema nini. Baada ya siku chache alinifundisha kazi ya mwisho, nayo ni kutoa vichipukizi. Mukau mchanga hutaka kutoa matawi kila mahali. Ukiuacha, utagawanyika chini chini na hautakupa ubao wa maana. Basi unapita kwa kidole, ukisugua kila kijichipukizi kinachotokea ubavuni kikiwa bado laini, ili nguvu yote iende juu. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema kwa sauti ya mwalimu wetu mkuu, pua ikiwa juu, tukacheka mpaka tukakaa kwenye tope. Nikiulizwa ni lini nilikuwa na furaha kamili duniani, sitaji harusi wala siku ya kupata kazi. Ilikuwa pale tuteni, nguo zimelowa, kidole gumba kinauma, dada yangu akimwigiza mwalimu.

Baba alirudi Krismasi akiwa na mkate, sukari, na kitambaa cha Mwaitu. Kabla hajakaa, Syombua alimvuta mkono mpaka tuteni. Baba alichuchumaa, akagusa jani, akainuka, akatembea safu yote hadi mwisho na kurudi. "Mwanangu," alisema, "hii ni kazi ya Mungu na mbuzi. Wewe umeingilia wapi?" Lakini sauti yake ilikuwa imelainika, na jioni ile alimwita akae karibu naye, jambo ambalo baba wa siku zile hawakulifanya mara nyingi, akamwambia amweleze yote kuanzia jalalani. Nilimwona Syombua akieleza kwa mikono, uso uking'aa kwa mwanga wa moto. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano aliyefanya kitu ambacho hakuna mtu wa kijiji kile alikuwa amekifanya, na baba yake alikuwa amekiona.

Kulikuwa na jirani mmoja ambaye pia alikiona. Baba mkubwa Muthama, kaka yake Baba, alikuwa amepakana nasi upande wa chini wa tuta. Hakuwa mtu mbaya. Alitusaidia unga mwaka uleule. Lakini alikuwa mlinzi wa desturi, na katika desturi yetu ya zamani mti hushika ardhi. Ukitaka kujua shamba ni la nani, unauliza nani alipanda miti yake. Kesi za mipaka zilikatwa hivyo mbele ya wazee. Mgeni uliyempa mahali pa kulima aliruhusiwa mahindi na kunde, ila hakuruhusiwa kupanda mti, kwa kuwa kesho angesema ni kwake. Na binti, kwa macho ya desturi, alikuwa mgeni anayengoja kuolewa. Baba mkubwa alikuja asubuhi baada ya Krismasi, akasimama tuteni akiegemea fimbo yake.

"Nani alipanda hii?" aliuliza.

"Ni mimi, Baba mkubwa," Syombua alijibu kwa fahari. Alikuwa ameshika kopo la maji.

"Wewe? Na ukiolewa utaibeba kichwani?"

"Itabaki ikikua. Mti hauolewi, Baba mkubwa."

Baba alicheka. Baba mkubwa hakucheka. Alimgeukia ndugu yake akasema kwa upole ulioniogopesha kuliko ukali. "Nzioka, unacheka. Kesho atakuja mkwe wako hapa na watoto wake, aseme mama yao ndiye aliyepanda safu hii katikati ya shamba la baba yetu. Utamwonyesha nini? Hii miti ing'olewe."

"Baba Syombua," Mwaitu alisema kutoka nyuma, "mtoto amelea hiyo miti kwa maji ya kunawa. Ing'olewe imekosa nini?"

Baba hakuwa na moyo wa kuing'oa, wala hakuwa na ubavu wa kumpinga kaka yake. Mimi nami nilikuja kuwa baba, na namwelewa: alikuwa akitafuta njia ya tatu, na macho yake yakaniangukia mimi. Ndipo aliponishika bega. "Kioko, wewe ndiye utakayebaki hapa. Nikisema hii miti ni yako, unaipokea?"

Nilimtazama Syombua. Wengi nikiwasimulia hufikiri kwamba aliniangalia kwa kunisihi. Hapana. Aliniangalia kwa utulivu kabisa, kama mtu anayejua jibu, kwa sababu nani mwingine aliyejua miti ile ni ya nani kama si mimi niliyegonga makokwa yake? Mara nyingi nimejitetea moyoni kwamba nilikubali ili ising'olewe. Kuna ukweli kidogo hapo, lakini ni kidogo. Ukweli mkubwa ni kwamba nilikuwa mvulana wa darasa la sita, wanaume wawili walikuwa wakingoja neno langu, na kwa mara ya kwanza nilihisi nina kimo. Nilitaka kuwa na miti. Niliitaka ile.

"Naipokea, Baba," nikasema.

"Toa sauti," alisema Baba mkubwa. "Tusikie sote."

"Naipokea!"

Haikuishia hapo. Baba mkubwa alisema si vizuri ibaki kama ilivyopandwa, maana watu wameona. Sharti niipande mimi kwa mkono wangu, ili siku ya kuulizwa nijibu bila kusema uongo. Basi nikapewa jembe, nikaanza kuing'oa miche niliyoibeba mwenyewe wiki chache kabla, na kuirudisha kwenye mashimo yaleyale. Mukau una mzizi mmoja mkuu unaokimbilia chini, na haupendi kusumbuliwa. Wa kwanza niliuvuta ukakatika. Hapo Syombua akaweka kopo chini, akasogea, akasema taratibu, "Chimba pembeni kwanza. Shika na udongo wake, usiuvute shingoni." Aliniangalia nikiufanya wa pili, akahakikisha nimeelewa, kisha akaenda jikoni. Nilimaliza safu peke yangu wakati wanaume wakizungumza habari za mbuzi.

Hakuninunia. Ningependa kusema aliniadhibu, maana adhabu ina mwisho. Aliendelea kuniwekea ukoko wa ugali kwa sababu alijua naupenda, akaendelea kumtania Karani, akaendelea kucheka. Ila hakukanyaga tuteni tena. Akitaka kwenda upande wa pili wa shamba alizunguka. Mwaitu alipomwomba aoteshe mbegu nyingine alisema macho yanamuuma. Miche mingine ilikufa kwa kule kung'olewa, mingine ikashika. Nilisugua vichipukizi msimu mmoja, kisha nikachoka, nikaona mpira wa makaratasi ni bora zaidi, na mingi iliyobaki ikagawanyika matawi chini kama alivyonionya. Mwenye kovu usidhani kapoa, wanasema Waswahili. Mimi nilidhani amepoa, kwa kuwa ilinifaa kudhani hivyo. Leo nauona upumbavu wangu kwa urahisi. Laiti ningekataa, mabaya makubwa kabisa ambayo yangetokea ni safu ile kung'olewa. Makokwa hayakuwa yamekwisha zizini. Angeotesha mengine mwaka uliofuata, nami ningegonga. Miti aliweza kuipata tena. Mtu wa kusimama upande wake siku ile hakuwa na mwingine.

Aliolewa ng'ambo ya Athi, upande wa Kitui, na mwanamume mpole wa kanisa letu. Nilikuwa nimeingia sekondari, na likizo moja nilivuka mto kwa miguu, mchanga ukiniunguza nyayo, kwenda kumwona. Boma lake lilikuwa limefagiwa likang'aa. Kulikuwa na papai, na ua la minyaa, na kuku. Hakukuwa na mukau hata mmoja. Tulipokuwa tunakunywa chai nilimuuliza, kwa ujinga wa mwanafunzi, "Mbona hujapanda mukau, na wewe ndiye fundi?"

Aliniongezea chai kwanza. "Nipande," akasema, "halafu nani aje kupokea?"

Nikacheka, nikitumaini ni utani. Naye akacheka, kile kicheko chake cha kupanda kilima, ila safari hii hakikuporomoka, kiliishia katikati. Alinifungia ndengu kwenye kitambaa, akanisindikiza mpaka mtoni, akasema nimsalimie Mwaitu. Hakusema karibu tena, na mimi sikuahidi kurudi. Baadaye nilipata kazi, nikaoa, nikajenga. Miti ilikomaa. Fundi wa msumeno alipoiangusha, ile iliyokuwa na vishina vilivyonyooka ilinipa milango ya nyumba yangu na kabati ambalo mke wangu bado analipangusa kila Jumamosi. Ile ya matawi ilinipa kuni. Nilimtumia Syombua ujumbe kupitia mfanyabiashara wa mbuzi kwamba nimemwekea mbao za mlango. Jibu lilirudi kwa njia ileile: "Mwambie nina mlango." Wazazi wetu walipofariki, kila mmoja kwa wakati wake, alikuja peke yake, akaketi na wanawake, akalia kama binti anavyowalilia wazazi, akaondoka kabla chakula hakijaiva. Sikuwahi kumwita pembeni nikamwambia nilikosea. Kila mara nilijiambia siku nyingine. Athi si bahari. Kiangazi mbuzi wanauvuka. Nisimsingizie mto.

Siku hizi miche ya mukau inauzwa kwenye soko la Kathonzweni katika mifuko ya plastiki, imepangwa kama sukuma wiki, na vijana wanaonyeshana bei yake kwenye simu. Kupasua kokwa kwa kisu na kuchanja ncha ya mbegu ni jambo linalofundishwa hadharani, na wanaofundisha hawajui kwamba msichana mmoja alilichokoa jalalani akiwa na njaa. Kikundi cha wanawake wa kanisa letu kimepanda mlima mzima. Binti akipanda mti katika shamba la baba yake hakuna anayekuja na fimbo kuuliza, na sheria yenyewe inampa fungu lake. Mimi nimewagawia binti zangu sawa na kaka zao, na mtu aliyepinga nilimtoa nyumbani kwangu bila chai. Watu wananisifu kwamba ni mzee wa kisasa. Nawaachia sifa hiyo wao wenyewe, kwa sababu najua nilijifunza haki kwa kumnyima mtu mwingine, tena mtu aliyenifunga kidole. Ningefurahi zaidi kuzaliwa katika siku hizi nikiwa na moyo ule wa tuteni, kabla ya Krismasi.

Kwamba Syombua amefariki nililisikia sokoni, kwa mtu aliyedhani nimeshajua. Alikuwa amekwisha kuzikwa. Nilikwenda Kitui wiki hiyohiyo. Boma lilikuwa kubwa kuliko nilivyolikumbuka, na mwanamke mwenye pengo la meno ya mbele alitoka akafuta mikono kwenye leso. "Karibu, mzee," alisema. "Umetoka mbali?" Nilimwambia mimi ni Kioko, ndugu wa mama yake. Alinitazama, akaita kaka zake wawili, watu wazima wenye watoto wao. Yule mkubwa alinivutia kiti, akasema kwa adabu ambayo mama yake alimfundisha, "Utusamehe, mzee. Mama alituambia kwao hakubaki mtu." Walinionyesha kaburi. Walinipa chai. Binti zao walikuwa wameshaposwa na kuolewa, na mahari ikazungumzwa bila mjomba kukaa mbele, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba mjomba yupo. Sikuwaeleza habari za miti. Haikuwa siku ya kujitua mzigo kwa watu wenye msiba.

Nilikubali safu ile, nikaikata, nikaitumia. Ilinigharimu dada yangu wa pekee, kwa miaka yote aliyoishi mwendo wa siku moja kutoka kwangu, na watoto wake, ambao jioni ile walinisindikiza mpaka getini, wakanishika mkono mmoja mmoja, wakasema, "Safari njema, mzee," kama wanavyomwambia mtu yeyote apitaye njia, wakarudi ndani.